Dhuluma ya ardhi Lamu ni ya kweli, sasa Mpeketoni ilitumwa na nani?

Kila kukitokea shambulio huku kwetu mabishano ni yale yale. Kuna wanaosema hawa ni wauaji tu, ukianza kuuliza sababu unawatetea, funga mdomo. Na kuna wanaosema hapana bwana, mtu haamki tu asubuhi akashika bunduki, nyuma yake kuna dhuluma, na mpaka hiyo dhuluma iguswe msitushangae. Mi naona wote kuna kitu wanakikimbia. Wa kwanza wanaogopa wakikubali dhuluma ipo itakuwa kama wamekubali na mauaji. Wa pili wakishaonyesha dhuluma wanadhani kazi imeisha, yaani ukithibitisha mtu alionewa basi lolote atakalofanya limeshapata muhuri.

Nataka tuchukue kesi moja, tena ile ngumu: Mpeketoni, mji wa Lamu bara. Kesi rahisi ni bomu la tarehe 7 Agosti 1998. Al-Qaeda wana ugomvi na Marekani, hawataki wanajeshi wake Saudia, halafu wanakuja kuua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, na katika hao wa Nairobi Wamarekani ni 12. Waliobaki ni makarani, wapita njia, watu waliokuwa kwenye basi pale Haile Selassie. Hapo hata mtetezi mkali anakosa pa kushika, manake ukubali malalamiko yote ya Bin Laden neno kwa neno, bado yule karani hakuwa hata upande wowote wa huo ugomvi. Mpeketoni sio hivo. Mpeketoni dhuluma ilikuwa ya hapo hapo, ya ardhi ya hapo hapo, na waliouliwa walikuwa wanalima juu ya hiyo ardhi. Kama kuna mahali hoja ya "walikuwa na sababu" inaweza kusimama, basi ni pale, na ikishindwa kusimama pale sijui itasimama wapi.

Kwa wasiokumbuka: Jumapili tarehe 15 Juni 2014, usiku, watu wamekaa wanaangalia Kombe la Dunia, wanaume wenye silaha wakaingia mjini na magari. Wakashambulia kituo cha polisi, wakachoma mahoteli na magari, wakawa wanatoa wanaume nje na kuwauliza dini yao, asiyeweza kutamka shahada ya Kiislamu akauliwa. Wanawake wakaachwa waangalie. Usiku uliofuata wakaingia vijiji vya jirani, Majembeni na Poromoko, wakaua tena. Ukijumlisha siku hizo mbili waliokufa walipita 60. Na mwanzoni mwa Julai wakapiga Hindi, na Gamba kule Tana River.

Al-Shabaab wakatoa taarifa kusema ni wao. Sababu walizotoa zilikuwa tatu ukizipanga: jeshi la Kenya kuwa Somalia, mashekhe kuuliwa Mombasa, na kwamba Mpeketoni ilikuwa ardhi ya Waislamu kabla walowezi Wakristo hawajaletwa. Hiyo ya tatu ndo iliyowatikisa watu wa pwani, manake ni maneno ambayo mzee yeyote wa Lamu ameyasema barazani akiwa na kikombe cha kahawa, bila bunduki yoyote.

Sasa tuiangalie hiyo dhuluma vizuri, tusiirukie.

Pwani ya Kenya ile maili kumi kutoka baharini ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akaanza kuiendesha 1895. Mwaka 1908 wakaleta sheria ya hati za ardhi, wakasema mwenye shamba aje adai, na ambayo haitadaiwa itakuwa ya serikali ya mfalme wao. Waliokwenda kudai ni wale wenye kusoma, wenye makaratasi, matajiri wa mjini. Mmijikenda aliyekuwa analima kwa desturi za ukoo, Mboni anayeishi kwa asali na mawindo, Mbajuni anayelima bara msimu wa mvua na kurudi kisiwani kuvua, hao nani angewaambia waende ofisini? Uhuru ukaja 1963, ile ardhi ya mfalme ikabadilishwa jina ikawa ya serikali ya Kenya, na mtu aliyezaliwa chini ya mwembe wa babu yake akaambiwa wewe ni skwota. Hili si la Lamu peke yake, ni kuanzia Vanga huko, ila Lamu likaongezewa la pili.

La pili ni vita vya shifta miaka ya 60. Vilianza kaskazini lakini vikashuka mpaka bara ya Lamu, vijiji vya Wabajuni vikavamiwa, watu wakakimbilia kisiwani, Malindi, Mombasa. Walidhani ni ya muda. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 70 serikali ya Mzee Kenyatta ikafungua mpango wa makazi Mpeketoni, pembeni ya ziwa linaloitwa Ziwa Kenyatta, jina lenyewe linajieleza, na wengi walioletwa ni Wakikuyu wasiokuwa na ardhi kutoka bara. Wao wakapimiwa viwanja, wakapewa barabara, shule, hospitali, na hati baadaye. Mbajuni aliyekimbia shifta akirudi hana karatasi hata moja. Hebu jiweke hapo. Mgeni ana hati kwenye nchi yako, wewe mwenyeji ukitaka hata mkopo huna cha kuweka dhamana, na hilo limedumu miaka arobaini.

Halafu ikaja habari ya bandari mpya na ile barabara kuu ya LAPSSET ya kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, bei ya ardhi Lamu ikapanda, na kati ya 2011 na 2012 kampuni 22 zikajikuta zina hati za ekari kama 500,000. Nusu milioni! Hiyo sio hadithi ya wanaharakati, Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe ndo alitangaza hizo namba. Tutairudia hapo mbele maana ina sumu yake.

Na yale mengine ya Al-Shabaab nayo hayakutoka hewani. Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi ndani ya gari Agosti 2012 akiwa na familia yake, Makaburi akauliwa Aprili 2014 nje ya mahakama ya Shanzu, na mpaka leo hakuna aliyefungwa. Usiniambie walihubiri nini, najua walihubiri nini, mengi yalikuwa mabaya, lakini kama mtu ana kesi si apelekwe mahakamani? Februari 2014 polisi wakaingia msikiti wa Masjid Musa, Mombasa, na viatu. Aprili ikawa msako wa Usalama Watch, Wasomali kwa maelfu wanazolewa Eastleigh na kupelekwa uwanja wa Kasarani, mtoto, mama, mwenye kitambulisho na asiye nacho. Miezi miwili baada ya hapo ndo Mpeketoni.

Kwa hivo anayesema "dhuluma ilikuwepo" hajasema uongo hata kidogo, na mimi sina subira na wachambuzi wa Nairobi wanaopita hapo haraka haraka wakimbilie kwenye itikadi.

Mtetezi makini, sio yule wa kupiga kelele, ataongeza kitu kingine. Atasema njia ya amani ilijaribiwa ikafungwa. Mombasa Republican Council, kundi la kutaka pwani ijitenge, walikuja na "Pwani si Kenya", ukikubaliana nao au usikubaliane walikuwa na makaratasi yao na walikwenda mahakamani. Serikali ikawapiga marufuku 2010, Mahakama Kuu Mombasa ikaondoa marufuku Julai 2012, na Oktoba mwaka huo huo mwenyekiti wao akavamiwa kwake Kwale akakamatwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikazunguka nchi nzima, watu wakalia mbele yake, ripoti ikakabidhiwa Ikulu Mei 2013 ikiwa na mambo mazito kuhusu ardhi ya pwani, na bunge likaiweka kabatini. Sasa mtetezi anauliza, mlitaka watu wafanye nini tena?

Halafu anatoa turufu yake. Anasema: zile hati za kampuni 22 zilifutwa lini? Rais alitangaza kuzifuta tarehe 31 Julai 2014. Wiki sita baada ya Mpeketoni. Miaka yote ya maombi, barua, maandamano na tume havikuzigusa, damu ikamwagika zikafutwa ndani ya wiki sita. Kwa hivo, anasema, nyinyi mnaohubiri subira mmeona wenyewe serikali inasikia lugha gani.

Nimekaa na hii hoja muda mrefu na nakiri inauma, kwa sababu tarehe hazidanganyi na serikali yenyewe ndo iliyofundisha hilo somo. Ukimpuuza mwenye barua ukamsikiliza mwenye bunduki, unatangaza bei. Kama kuna mtu wa kulaumiwa kwa vijana kuamini kwamba vurugu zinalipa, basi aanze na aliyelipa.

Lakini hebu angalia waliolipa kwa damu ni kina nani. Hizo kampuni 22 zilikuwa na wakurugenzi, wana majina, wana ofisi. Hakuna hata mmoja aliyeguswa na hao waliojiita watetezi wa ardhi. Waliochinjwa ni fundi wa pikipiki, mwenye duka, mkulima wa pamba na mahindi ambaye baba yake aliletwa pale hana kitu, akafyeka msitu na panga. Yule mlowezi wa Mpeketoni wa miaka ya 70 alikuwa maskini aliyenyimwa ardhi kwao na wakubwa wa kwao, akahamishiwa kwenye ardhi ya maskini mwingine. Wakubwa wakabaki na mashamba yao kule, na wakaja kuongeza mengine huku. Yaani katika mlolongo mzima wa hii dhuluma, kuanzia 1908 mpaka hizo kampuni, magaidi walichagua kumuua yule aliyekuwa chini kabisa. Na hawakumuuliza hati, walimuuliza shahada. Mkristo aliyepanga chumba, hana hata kiwanja, alikufa. Mwenye ardhi ya wizi angejua kutamka maneno mawili ya Kiarabu angeachwa. Hapo unaniambia vita vilikuwa vya ardhi?

Wengine watasema subiri, mbona Mau Mau tunawapigia saluti? Swali zuri, na nachukia linavyokwepwa. Mkoloni aliwaita magaidi, na Kenya huru yenyewe iliacha marufuku yao kwenye vitabu vya sheria mpaka 2003. Leo kiongozi wao Dedan Kimathi ana sanamu katikati ya Nairobi, na mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa kwenye makambi. Na walikuwa na haki, mimi siwezi kusimama hapa nikasema Mkikuyu aliyefukuzwa kwao akafanywa kibarua wa mzungu alitakiwa aandike barua.

Ila kuna usiku mmoja hatuuweki kwenye hotuba za Mashujaa. Lari, tarehe 26 Machi 1953. Wakoloni walikuwa wamewaondoa watu Tigoni ili wazungu wakae, Chifu Luka akakubali kuhama, yeye na wenzake wakapewa ardhi Lari ambayo familia zingine zilisema ni yao. Unaona inafanana na nini? Watu waliohamishwa na serikali wakawekwa juu ya madai ya wengine. Usiku huo nyumba zikachomwa, aliyetoka nje akakatwa mapanga, na wengi walikuwa wanawake na watoto. Waliokufa walikuwa 70 na zaidi, halafu kesho yake homugadi (Waafrika waliopigana upande wa mkoloni) na askari wakalipiza kwa kuua watu wengi zaidi ya hao, na hao wa pili hata hesabu yao haikuandikwa vizuri.

Sasa nikisema vita vya Mau Mau vilikuwa vya haki, je nimesema mtoto wa Lari alistahili? Mimi nasema hapana, na sioni kama natoka kwenye hoja. Unaweza kuwa na haki kwenye vita ukawa mhalifu kwenye usiku mmoja wa hivo vita. Waafrika Kusini walilikabili hili vizuri kuliko sisi. Mandela na wenzake walipoanzisha Umkhonto we Sizwe, jeshi la chama cha ANC, Desemba 1961 walikaa wakazipima njia, hujuma, vita vya msituni, ugaidi, mapinduzi, na mwenyewe alieleza mahakamani kwenye kesi ya Rivonia kwamba walianza na hujuma, nguzo za umeme na majengo ya serikali, kwa sababu haihitaji kuua watu. Baadaye mambo yakabadilika, tarehe 20 Mei 1983 bomu likalipuka Church Street pale Pretoria nje ya makao ya jeshi la anga, saa za watu kutoka kazini, wakafa 19 pamoja na waliolibeba. Tume yao ya Ukweli ilipotoa ripoti 1998 ikasema wazi mapambano dhidi ya ubaguzi yalikuwa ya haki, na ikasema pia ANC ilivunja haki za binadamu. ANC wakakasirika mpaka wakakimbilia mahakamani kuzuia ripoti isitoke. Wakashindwa. Hiyo ndo heshima, tume iliyoteuliwa na Mandela inakiambia chama cha Mandela kwamba kushinda hakukusafisha kila kitu.

Kwa hivo mtu akiniletea Mau Mau na Mandela kama kinga ya Al-Shabaab namwambia leta yote basi, leta na Lari, leta na Church Street.

Na kuna tofauti nyingine kubwa ambayo kwangu ndo kiini cha hii kesi. Kimathi alikuwa anapigania shamba la kwao. Waliokuja Mpeketoni walitumwa na nani? Mbajuni gani aliwaita? Kiongozi gani wa Lamu, mzee gani, msikiti gani ulikaa ukaamua? Al-Shabaab wana mradi wao Somalia, na kwenye huo mradi Muislamu maskini hana bei yoyote. Lile lori la Mogadishu la tarehe 14 Oktoba 2017 liliua watu zaidi ya 500, karibu wote Waislamu, na hakuna ardhi ya maili kumi pale. Hapa hapa Lamu, Julai 2017 waliingia Pandanguo, kijiji cha Waboni, Waislamu maskini kuliko wote kaunti nzima, watu wakakimbilia msituni. Kama umekuja kunitetea, Pandanguo umefuata nini?

Yaani malalamiko ya Lamu yaliazimwa. Kama mtu anayeokota kitambulisho chako barabarani akaenda kukopea benki, yeye anakula pesa, deni linakuja kugonga kwako.

Na liligonga kweli. Kwanza Rais Uhuru, siku mbili baada ya Mpeketoni, akasimama kwenye televisheni akasema sio Al-Shabaab, ni mitandao ya kisiasa ya hapo hapo. Al-Shabaab wanasema ni sisi, serikali inasema hapana sio nyinyi, sijawahi kuona kitu kama hicho. Gavana wa Lamu, Issa Timamy, akakamatwa mwezi huo huo, kesi ikakosa ushahidi akaachiliwa (na 2022 watu wa Lamu wakamrudisha ofisini). Unaona mchezo lakini? Magaidi walilitumia dai la ardhi kuhalalisha damu, na serikali ikaitumia damu kulifanya dai la ardhi liwe kesi ya jinai. Tangu siku hiyo mzee akisimama kwenye mkutano kuuliza habari za ardhi lazima aanze na "mimi sio Al-Shabaab lakini".

Halafu kafyu. Lamu nzima usiku ndani, miezi, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku, marufuku iliyodumu hata baada ya kafyu yenyewe kuondolewa. Mvuvi asiyejua hata Mpeketoni iko upande gani akakaa nyumbani na nyavu zake. Watalii wakapotea, mahoteli ya Shela yakapunguza wafanyakazi. Septemba 2015 ikaanza operesheni ya Linda Boni, msitu ukafungwa, na Mboni ambaye msitu ndo soko lake, duka lake la dawa na kila kitu akawa anangoja chakula cha msaada. Shule za wadi ya Basuba zikafungwa, watoto wakakaa miaka bila darasa. Hao ndo walikuwa wanatetewa.

Mtetezi atarudi aseme unalaumu waliolipuka badala ya anayewasha moto. Sawa, na hapo nampa haki yake. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walitoa utafiti 2017, waliwahoji watu waliojiunga na makundi ya aina hii Afrika, na asilimia 71 ya waliojiunga kwa hiari walisema kilichowasukuma mwisho kabisa ni kitendo cha serikali, ndugu kuuliwa, rafiki kukamatwa. Hiyo namba ilitakiwa ibandikwe kila kituo cha polisi pwani. Lakini soma vizuri ilichosema. Inasema jinsi mtu anavyosukumwa. Daktari akikuambia babako alikufa kwa sababu ya sigara hajasema sigara ilikuwa na haki.

Tena hata huko kusukumwa hakuendi moja kwa moja. Mmoja wa waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 wakaua watu 148 alikuwa amemaliza sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, babake ni chifu. Aliyeongoza shambulio la DusitD2 Januari 2019, watu 21 wakafa, alikuwa mtoto wa mwanajeshi wa Kenya. Hao ardhi yao ilichukuliwa na nani? Upande wa pili, hakuna watu waliodhulumiwa nchi hii kama wa kaskazini. Sheria za hali ya hatari ziliwakalia mpaka 1991, mwaka 1984 wanaume walikusanywa uwanja mdogo wa ndege wa Wagalla kule Wajir, wakavuliwa nguo, wakakalishwa juani siku kadhaa, wakauliwa, serikali ikakubali 57 na wenyeji wanasema ni mara nyingi zaidi ya hapo. Kama dhuluma ingekuwa inampa mtu amri ya kuua, Wajir na Mandera wangekuwa wa kwanza. Desemba 2015 Al-Shabaab wakasimamisha basi karibu na El Wak, wakaamrisha Waislamu wajitenge na Wakristo, na abiria Wasomali wakakataa, wakawaambia mtuue wote au mtuache wote, akina mama walikuwa wameshawavalisha wenzao hijabu. Mwalimu mmoja Muislamu alipigwa risasi pale na akafa mwezi uliofuata. Watu wale walikuwa na sababu zote za kuangalia pembeni. Nilipoisikia nilikumbuka aya ya 8 ya Suratul Maida, kwamba chuki yenu kwa watu isiwapeleke mkaacha uadilifu, tena iliteremka kwa watu waliokuwa wamedhulumiwa kweli kweli, haikuteremka kwa walioshiba.

Na ile kauli kwamba njia ya amani ilikuwa imefungwa kabisa, naona inatiwa chumvi. Ilikuwa nyembamba, ya polepole, ya kuchosha, lakini Lamu yenyewe inaikanusha. Wavuvi walikwenda mahakamani 2012 kuhusu bandari mpya kuharibu maeneo yao ya kuvulia, na 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kile kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichotaka kujengwa Kwasasi, watu wa Save Lamu wakapambana na makampuni na serikali, na Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni. Miaka sita kwa wavuvi ni mingi, na hukumu ni kitu kimoja na pesa kufika mfukoni ni kitu kingine kabisa, sikatai. Ila angalia nani alikuwa mwenye dai: ni wavuvi wenyewe, kwa majina yao, na wakishinda ushindi ni wao, hakuna wa kuuchukua akaupeleka Somalia.

Hizo hati za ekari 500,000 nazo, kabla hujazihesabu kama ushindi wa bunduki, uliza zilipofutwa nani alipata. Tangazo la kufuta halikumpa Mbajuni hati. Lilirudisha ardhi kwa serikali, ambayo ndo ile ile iliyoigawa mara ya kwanza.

Kimebaki kitu kimoja ambacho wanaohalalisha hawakigusi kabisa. Wajane wa Mpeketoni nao wana dhuluma sasa. Polisi walichelewa, mamlaka ya kusimamia polisi yenyewe iliandika kwamba uratibu ulikuwa mbovu. Waliofikishwa Mahakama Kuu Mombasa kwa mauaji yale waliachiwa kwa kukosa ushahidi. Kwa hivo kuna kijana Mpeketoni, alikuwa na miaka sita au saba usiku ule, leo ana kama kumi na nane, aliona babake anavutwa nje, anajua hakuna aliyefungwa, anajua maneno ya "ardhi ya Waislamu" yalisemwa na nani na yanasemwa wapi. Tume haikumsaidia, mahakama haikumsaidia, serikali haikumsaidia, yaani masharti yote mliyoyaweka ameyatimiza. Nambieni huyo akichukua panga usiku akaenda kijiji cha Wabajuni, mtamwambia nini ambacho hamkuwaambia wale wa kwanza?